Futi Kamba na Kalamu: Michael Oher Akisomwa kutoka Karagwe

Leo naomba niandike kuhusu mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuongezea. Najua wapenzi wengi wa vitabu hawaufuatilii mchezo huo, na sisi wa Karagwe na Kyerwa ndiyo kabisa. Kwetu ukitaja mpira watu wanawaza Simba, Yanga, na kwa wazalendo wa mkoa, Kagera Sugar. Lakini mchezaji huyu, Michael Oher, aliandikiwa kitabu akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Kitabu kikazaa filamu, filamu ikampa mwigizaji wake tuzo ya Oscar, na miaka 14 baada ya filamu kutoka, mwenye hadithi akaenda mahakamani.

Kesi hiyo inamhusu kila anayependa vitabu. Mtu wa Karagwe inamhusu zaidi, kwa sababu sisi tuliandikwa kwa mtindo uleule mwaka 1861, na aliyeandikwa hakuwa na mahakama ya kukimbilia.

Ukuta wa watu watano

Kwa asiyeujua mchezo: kila upande una watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifanikiwa, inapewa manne mengine. Karibu kila shambulizi linaanzia kwa kwotabeki, mrusha pasi. Mbele yake wanasimama wanaume watano wakubwa, ndio ukuta. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie, au kuwasukuma pembeni ili mkimbiaji wao apate njia. Kwa kawaida watu wa ukuta hawaruhusiwi hata kupokea pasi. Hakuna takwimu rasmi inayohesabu kazi yao kama zinavyohesabiwa yadi za mkimbiaji au pasi za kwotabeki.

Kwetu ningewafananisha na mwega, ule mti tunaouegemeza kwenye mgomba wenye mkungu mzito. Wageni wakipita shambani wanasifia mkungu. Mwega unakumbukwa siku ukivunjika.

Ndivyo anavyoanza Michael Lewis kwenye kitabu chake cha mwaka 2006, The Blind Side. Anaturudisha tarehe 18 Novemba 1985, usiku wa Jumatatu, Washington wakicheza na New York Giants. Lawrence Taylor wa Giants anamfikia kwotabeki Joe Theismann, na mguu wa Theismann unavunjika mbele ya kamera za taifa zima. Hakucheza tena. Hoja ya Lewis ni kwamba kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akigeuka kurusha, hauoni upande wake wa kushoto. Basi yule mtu wa ukuta anayesimama mwisho kabisa kushoto analinda mgongo usioona. Enzi za akina Taylor zilipofika, wenye timu wakaanza kumlipa mtu huyo pesa nyingi kuliko karibu wenzake wote, ukimtoa kwotabeki mwenyewe. Kazi isiyo na takwimu ikapata bei.

Afrika Mashariki tuna jina letu kwenye mstari ule, ila upande wa pili. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, ambaye watu wa Idi Amin walimkamata Septemba 1972 na akauawa. Kwetu hiyo ni habari ya jirani: ukisimama Murongo, wilayani Kyerwa, Uganda iko ng'ambo ya mto. Mjukuu alisoma Boston College, akachaguliwa wa 32 na New York Giants mwaka 2006, na Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants waliposhinda Super Bowl mjini kwao, Indianapolis. Kazi yake ilikuwa kumwangusha kwotabeki. Kazi ya mtu wa ukuta ni kumzuia mtu wa aina yake: urefu karibu mita 2, kilo 120 hivi, na mbio.

Namtaja Kiwanuka kwa sababu nyingine pia. Magazeti ya Marekani yalipomwandika, babu yake aliingia kwenye habari mapema. Alikuwa na ukoo uliomtangulia, mwandishi akikaa kumwandika anakuta tayari kuna hadithi. Michael Oher hakuwa na bahati hiyo. Wa kwake walianza na mwili.

Kijana wa Hurt Village

Oher alizaliwa Memphis, jimbo la Tennessee, mwezi Mei 1986, kwenye familia yenye watoto 12 na mama aliyesumbuliwa na dawa za kulevya. Alikulia sehemu ya utoto wake Hurt Village, mtaa wa nyumba za serikali, huku akihamishwa huku na huku kwenye malezi ya muda na kubadili shule kila mara. Alipofika shule ya sekondari ya Kikristo ya Briarcrest, shule ya binafsi yenye wanafunzi wengi Wazungu, alikuwa na zaidi ya kilo 150, alama mbovu na mdomo uliofungwa.

Kuna sehemu moja ya kitabu cha Lewis ambayo hainitoki. Skauti maarufu, Tom Lemming, anafika Memphis kumwona kijana huyu. Kazi ya Lemming ni kuzunguka nchi nzima kutafuta wachezaji bora wa sekondari. Anamkalisha, anampa fomu ajaze habari zake. Oher haongei, na fomu anairudisha bila kuijaza. Lemming anamweka kwenye orodha yake hata hivyo. Mwili na mkanda wa video vilikuwa vimeshamwambia alichotaka kujua.

Makocha wa vyuo wakaja kwa foleni. Wakati huo alikuwa amechukuliwa na familia ya Sean na Leigh Anne Tuohy, Wazungu wenye uwezo, ambao wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Mississippi, kinachojulikana kama Ole Miss. Alama zake zilipandishwa kwa masomo ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Brigham Young hadi akafikia kiwango kinachotakiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Akachagua Ole Miss. Kocha wake wa sekondari, Hugh Freeze, naye akapata kazi hukohuko. Wachunguzi wa NCAA walikuja kuuliza maswali, kwa sababu ilionekana kama wahitimu wenye pesa wamemlea mchezaji ili wamfikishe chuoni kwao. Ikumbukwe kwamba miaka ile mwanafunzi mchezaji hakuruhusiwa kupata pesa kwa jina lake. Alipewa ada, chumba na chakula. Ruhusa ya kuuza jina na sura yake ilikuja Julai 2021.

Maisha yake ya chuo yalikuwa ya mwega hasa. Mwaka 2005, akiwa wa mwaka wa kwanza, alianza kwenye ukuta upande wa kulia, ndani. Mwaka 2006 akahamishiwa ile nafasi ya mwisho kushoto. Timu ilikuwa mbovu. Misimu mitatu mfululizo ilishinda michezo 3, kisha 4, kisha 3, na mwaka 2007 haikushinda hata mmoja ndani ya ligi yake ya SEC. Lakini ndani ya miaka hiyohiyo mkimbiaji wao, BenJarvus Green-Ellis, alifikisha yadi 1,000 msimu wa 2006 na 1,137 msimu wa 2007. Yadi hizo zimeandikwa kwa jina la Green-Ellis, na ni haki yake. Ila alipita kwenye mlango uliofunguliwa na watu, na walioufungua hawamo kwenye jedwali.

Januari 2008 Oher alitangaza kwamba anaondoka chuo aende ligi ya kulipwa, NFL. Siku chache baadaye akabadili mawazo, akabaki. Uamuzi huo ndio unaonifanya nimheshimu kama mtu mwenye akili zake, maana ulimpa msimu bora kuliko yote. Chini ya kocha mpya, Houston Nutt, Ole Miss walimaliza na ushindi 9 na kufungwa 4. Septemba 2008 waliifunga Florida 31 kwa 30 nyumbani kwao, na Florida ile haikufungwa tena hadi ikatwaa ubingwa wa taifa. Januari 2009 wakaifunga Texas Tech 47 kwa 34 kwenye Cotton Bowl. Wachaguzi wote wakuu walimweka Oher kwenye kikosi bora cha taifa. Na yule kijana aliyerudisha fomu tupu akamaliza shahada yake ya haki jinai.

Baltimore Ravens walimchagua wa 23 mwaka 2009. Miaka mitano aliyokaa nao hakukosa kuanza mchezo hata mmoja wa msimu wa kawaida. Februari 2013 walishinda Super Bowl dhidi ya San Francisco, 34 kwa 31. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa kitabu wengi hawalijui: usiku ule Oher alicheza upande wa kulia. Upande usioona, ule uliompa kitabu na filamu, ulikuwa chini ya mtu mwingine. Baadaye alikwenda Tennessee, kisha Carolina, ambako alirudi kushoto kumlinda Cam Newton, na timu ikafika Super Bowl ya Februari 2016, ikafungwa na Denver. Msimu uliofuata aliumia kichwa baada ya michezo mitatu. Mwaka 2017 Carolina wakaachana naye.

Kitabu, kisha banda umiza

Filamu ya The Blind Side ilitoka 2009. Sandra Bullock, aliyeigiza kama Leigh Anne Tuohy, akapata Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Hata kwetu ilifika. Mimi niliiona Omurushaka kwenye banda umiza, zile za benchi na pazia jeusi, ikiwa na sauti ya DJ anayetafsiri juu ya maneno ya waigizaji. DJ alikuwa amembatiza Oher jina la Bonge, na kila akitokea watu wanacheka kabla hajafanya kitu. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akauliza, "Huyu kijana mbona haongei?" Hakuna aliyemjibu. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasoma kwenye mapitio ya filamu ile.

Kwenye filamu, kijana mkubwa hajui mchezo. Mtoto mdogo wa familia anamfundisha kwa kupanga chupa za viungo mezani. Mama wa familia anaingia uwanjani katikati ya mazoezi kumweleza kocha namna ya kumwelekeza. Oher mwenyewe alisema mapema kwamba hilo lilimuumiza. Mwaka 2011 alitoa kitabu chake, I Beat the Odds, alichoandika pamoja na Don Yaeger. Alieleza kwamba alikuwa ameusoma mchezo kwa miaka, na kwamba watu wanaotazama filamu ile wanatoka wakiamini alikuwa mjinga aliyeokolewa.

Siwezi kusema kitabu cha Lewis ni kibaya. Ni kizuri, na sura zake za historia ya mchezo zingemfundisha mwandishi yeyote namna ya kueleza jambo gumu kwa watu wa kawaida. Lakini Lewis alisoma shule moja na Sean Tuohy, New Orleans, na ndiyo njia iliyomfikisha kwenye hadithi. Aliingia kwa mlango wa sebuleni, akaketi na wenye nyumba. Wao ndio wanaoongea kitabu kizima. Mgeni wa chumba cha ndani anaelezwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu kingine.

Bweranyange, 1861

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Omukama alikuwa Rumanyika, ambaye Speke aliandika jina lake kama Rumanika, na kwa tahajia hiyo anajulikana hadi leo kwenye vitabu vya Ulaya. Aliwapokea vizuri kuliko walivyotarajia. Speke alifurahi kiasi kwamba ziwa dogo la jirani aliliita Little Windermere, kwa kumbukumbu ya ziwa la kwao, kana kwamba lilikuwa likisubiri jina. Grant mguu ulimuuma, akabaki Karagwe miezi kadhaa. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda, na mwaka 1863 kitabu chake cha safari kikatoka.

Ndani ya kitabu hicho kuna simulizi ya jinsi Rumanyika alivyopata kiti. Baba yao alipofariki, ndugu waligombana, na wakubwa wa nchi wakaweka ngoma ndogo mbele yao. Ndugu wengine walijaribu kuinyanyua wakashindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Yaani nguvu iliyotakiwa haikuwa ya misuli. Uzito wa ngoma ulitegemea nani anaigusa.

Halafu kuna kurasa nyingine. Speke alikuwa amesikia kwamba wake wa wakubwa wa Karagwe hunenepeshwa kwa maziwa hadi washindwe kusimama. Akaenda kuwaona. Siku moja alikwenda kwa mama mmoja, shemeji wa Omukama, akatoa futi kamba. Alipima mkono, sentimita 58 kwa vipimo vya leo. Kifua, 132. Paja, 79. Shavu la mguu, 51. Urefu alikadiria, mita 1.73, kwa sababu mama hakuweza kusimama wima. Pembeni alikaa binti wa miaka 16 hivi akinywa maziwa kwenye chombo, baba yake ameshika fimbo kuhakikisha hasimami.

Vipimo vyote hivyo vimo. Jina la mama halimo.

Sitetei mila yenyewe. Ile fimbo inatosha kunizuia. Lakini ndani ya Bweranyange mwili ule ulikuwa na maana ambayo watu wote waliielewa. Aliyemtazama mama yule alisoma idadi ya ng'ombe, ukubwa wa malisho, mikono iliyokamua, heshima ya mume na ya nyumba ya mfalme. Speke alisoma sentimita. Aliziandika kwa usahihi kabisa, na kwa usahihi huohuo akapoteza kila kitu kilichozifanya ziwe na maana.

Tena sikiliza hili. Ili akubali kupimwa, walibadilishana: Speke naye alimwonyesha mama mikono na miguu yake, ngozi ya Kizungu, aione. Kwa hiyo walitazamana wote. Mama naye alimpima mgeni kwa macho, na sina shaka jioni ile palikuwa na mazungumzo na kicheko ndani ya nyumba. Ila mmoja tu alikuwa na daftari.

Na daftari lile halikuishia kwenye sentimita. Humohumo Speke aliandika nadharia kwamba watawala wa maeneo haya ni jamii bora iliyotoka Uhabeshi, kwamba watu wa Maziwa Makuu wanagawanyika kwa asili na sura. Wengine waliichukua na kuiendeleza. Miaka ya 1930 Wabelgiji walikuwa wakiandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda. Mwaka 1994, watu walipovuka Mto Kagera wakikimbia, wengine wakafika hadi wilaya yetu, wale tuliowapokea walikuwa wametoka kwenye nchi ambayo kitambulisho kilitosha kumuua mtu. Speke hakuyapanga hayo, na wauaji wana dhambi yao wenyewe. Lakini mtu asikwambie kwamba maelezo ya mwili kwenye kitabu cha msafiri ni burudani tu.

Rudi sasa Marekani. Kila mwaka wachezaji wa vyuo wanaotaka kuingia NFL huitwa Indianapolis kupimwa. Wanapimwa urefu, uzito, urefu wa mikono, upana wa kiganja, mbele ya watu walioshika kalamu. Oher alipopita huko mwaka 2009 alikuwa na mita 1.93 na kilo 140 hivi. Watu wa ukuta wanakula kwa ratiba ili wafikie kilo zinazotakiwa, na wakistaafu wengi wao wanahangaika kuzipunguza. Tofauti na mama wa Karagwe ni kubwa: Oher alilipwa, alijulikana, na jina lake lilikuwa mgongoni mwa jezi. Kinachofanana ni utaratibu. Anayeshika futi kamba anaanza, anayeshika kalamu anafuata, na mwenye mwili anaulizwa mwisho kama ataulizwa.

Mahakama ya Memphis

Agosti 2023 Oher aliwasilisha ombi kwenye mahakama ya mirathi ya Shelby, Memphis. Alisema aliaminishwa kwamba Tuohy walimuasili, kumbe karatasi aliyosaini mwaka 2004, akiwa ameshatimiza miaka 18, ilikuwa ya kitu kingine: usimamizi wa kisheria, ule unaowekwa kwa mtu asiyeweza kuendesha mambo yake. Chini ya karatasi hiyo wao ndio waliokuwa na mamlaka juu ya mikataba yake. Alidai pia kwamba familia ilipata pesa za filamu na yeye hakupata.

Tuohy walikanusha. Walisema usimamizi ule ulifanywa ili aweze kusoma Ole Miss bila kuvunja kanuni za NCAA, na kwamba pesa ziligawanywa sawa. Lewis naye aliwatetea. Na lazima niseme jambo lisilomsaidia Oher: kwenye kitabu chake cha 2011 aliutaja usimamizi huo, akaeleza kwamba alifahamishwa kuwa karibu ni sawa na kuasiliwa. Wanaomtetea wanasema sentensi hiyo ndiyo ushahidi wa jinsi alivyoelezwa. Wanaompinga wanasema inaonyesha alijua. Sentensi moja, wasomaji wawili, na si unajua sheria inavyokula maneno.

Septemba 2023 jaji aliufuta usimamizi huo, akashangaa kwamba uliwahi kuwekwa kwa mtu asiye na ulemavu wowote. Suala la pesa lilibaki likiendelea. Mimi kama msomaji nilibaki na jambo la kwanza. Kwa miaka 19 mtu huyu alihitimu chuo, akalinda makwotabeki, akashinda Super Bowl, akaandika kitabu, na kwenye jalada la mahakama alikuwa bado mtu anayesimamiwa. Sheria ilikuwa na Oher wake, filamu ilikuwa na wake, Lewis alikuwa na wake.

Mwezi uleule wa ombi alitoa kitabu cha pili, When Your Back's Against the Wall. Hakina ufundi wa Lewis. Kimejaa ushauri, na kuna kurasa nilizozipita haraka. Lakini ukivisoma vitabu vyake viwili baada ya The Blind Side, unakutana na mtu anayekumbuka majina: ya ndugu zake, ya walimu, ya watu waliompa pa kulala kabla ya Tuohy. Kwa Lewis wengi wao ni mandhari. Kwa Oher ndio waliomlea.

Kalamu iko mkononi mwa nani

Karagwe nayo ilipata mwandishi wake. Mwaka 1975 Israel Katoke alichapisha Nairobi historia ya ufalme wa Karagwe na Wanyambo, akianzia karne nyingi kabla Speke hajazaliwa. Kwenye historia ya namna hiyo Speke ni mgeni mmoja aliyekaa wiki chache, kama alivyokuwa. Rumanyika anakuwa mtawala mwenye ndugu wanaomsumbua, wafanyabiashara wa pembe pale Kafuro anaopaswa kuwatunza, na majirani wenye nguvu kaskazini. Na mwaka 2019 hifadhi ilipotangazwa ikaitwa Rumanyika-Karagwe, kwa tahajia ya wenyewe. Jambo dogo, lakini mtoto wa Kayanga anayelisoma kibaoni hahitaji kusahihishiwa.

Sasa nikiulizwa na wanafunzi wasome nini, nawaambia wasome Speke. Wasimkwepe, kuna mambo ya Karagwe ya 1861 ambayo hayapo kwingine. Ila wasome Katoke kwanza. Vilevile, anayetaka kumjua Oher asome I Beat the Odds kisha ndiyo aende kwa Lewis. Utaratibu huo unabadilisha unachokiona. Ukishamsikia mwenyewe akiongea, lile swali la mzee wa Omurushaka linapata jibu. Kijana alikuwa anaongea, ila walioshika daftari walikuwa wamekaa sebuleni.

Oher alikuwa na miaka 37 alipoingia mahakamani kudai kalamu yake, akiwa na wakili, vitabu viwili na shahada. Shemeji wa Rumanyika hakuwa na hata kimoja. Tunao upana wa mkono wake na mzunguko wa kifua chake, vimehifadhiwa maktaba za dunia nzima kwa miaka zaidi ya 160. Aliitwa nani, alicheka vipi alipoona miguu ya Mzungu, binti yule wa miaka 16 aliolewa wapi, hayo hayamo. Kama kuna nyumba Karagwe au Kyerwa ambako bibi anajua hata kipande cha hadithi hiyo, aandikwe sasa, kwa Kinyambo, na jina lake liwe mstari wa kwanza.